Chupa ya Soya Iliyo Mezani

Zuhura mwanangu,

Amani ya Mungu ikufikie kabla hujaifikia simu yako. Nimeiweka barua hii chini ya simu kwa makusudi, hapo sebuleni inapochaji, maana najua ukiamka alfajiri mkono wako huenda kwenye simu kwanza na kwenye maji ya udhu baadaye. Siku nyingine ningekugombeza. Leo tabia yako hiyo imenifaa.

Shangazi yako amelala chumbani kwako na mkoromo wake naupata mpaka hapa nilipokaa. Ningekuita uani tuzungumze, lakini nyumba yetu ya Sofu unaijua, mtu akipiga chafya jikoni, aliye barazani husema afya. Na maneno haya yakisikiwa nusu yatavunja kitu. Tena, kusema kweli, mdomo wangu ni mwoga. Kalamu ina nafuu kidogo.

Habari za shuka, chandarua na dawa zako za presha mama yako amezimaliza. Nimemsikia tangu adhuhuri akirudia yaleyale mpaka ukawa unamjibu kabla hajauliza. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza habari ya chupa ya chai iliyo hapa mezani mbele yangu, ile nyekundu ya shangazi yako, ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Imejaa soya. Aliikaanga mwenyewe kwao Kisarawe, akaitwanga, akaipika na tangawizi na iliki, akaibeba mapajani njia nzima alipokuja kukuchukua. Harufu yake ni nzuri, siwezi kuisingizia.

Uliona alivyoniwekea baada ya chakula.

"Shabani, hii uimalize kabla hujalala. Asubuhi nisikute tone."

"Bado ya moto, dada. Ikipoa kidogo."

"Ikipoa nguvu zake zinapotea."

Mama yako akainuka kwenda jikoni, sahani zikaanza kugongana huko. Wewe ukanitazama, ukadhani wifi wawili wamenuniana kama kawaida yao. Hapana, mwanangu. Mama yako alikuwa ananikasirikia mimi, na ana haki.

Rudi nyuma kidogo. Masika ile ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, nilikwambia kwa simu kwamba nimelazwa kwa sababu presha imepanda. Watu wote waliambiwa hivyo. Haikuwa presha.

Wakati ule daktari alikuwa ameshaniambia figo zangu zimechoka, zinafanya kazi kidogo tu, na kwamba tukiwa waangalifu naweza kukaa muda mrefu bila mashine ya kusafisha damu. Akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole ambaye hakunikataza vitu vingi. Alisema nipunguze chumvi, nyama iwe kidogo, na kitu chochote cha kuongeza nguvu, hata akiniletea nani, nimuulize kwanza yeye kabla ya kukinywa. Nikaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikaaga kazini, nikaenda Kisarawe kupumzika kwenye nyumba ya wazee wetu, kwa shangazi yako, hapohapo unapokwenda kuishi ukianza kufundisha.

Alinipokea kama mfalme. Shangazi yako ana moyo, nataka hilo ulishike katika yote nitakayosema. Kwenye kikundi chao cha akina mama walikuwa wamefundishwa mambo ya soya, na walifundishwa vizuri tu. Kuna watoto pale mtaani waliokuwa wamekonda kwa kukosa lishe, leo wana mashavu kwa sababu ya uji wa soya wa shangazi yako. Halafu mtu akamrushia sauti kwenye simu, mtu asiyejulikana, mwenye sauti nzito ya kidaktari, akisema soya inasafisha figo. Basi. Kuanzia hapo mimi nikawa mgonjwa wake. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, na uji mzito wa soya na maziwa na ndizi mbivu zilizopondwa ndani yake.

Siku ya kwanza nilijaribu. Nilisema, "Dada, kule hospitali wameniambia kitu kama hiki niulize kwanza."

Akakiweka kikombe chini, taratibu. Akanitazama usoni.

"Shabani, unaniogopa?"

Nami nikakichukua kikombe, nikanywa mpaka mwisho, nikasema kitamu.

Utaniuliza kwa nini mtu mzima ashindwe na swali dogo hivyo. Ni kwa sababu wewe umekulia hapa Kibaha, na mama yako ni mtu wa Mbeya ambaye chakula asichokitaka husema "sili, asante" na maisha yanaendelea. Sisi kwetu, mgonjwa akikataa chakula cha ndugu, hajakataa chakula. Ametamka neno. Na katika nyumba yetu neno hilo lilikwisha kutamkwa mara moja, na sijawahi kukusimulia.

Bibi yako, mama yangu, alikufa amevimba. Uso ulivimba, miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole pale panabaki shimo. Katika ugonjwa wake aliyekuwa akimpikia ni mke wa baba yangu mdogo, Bi Tatu, mwanamke mwembamba mcheshi aliyekuwa na kawaida ya kuimba akichambua mchele. Bibi yako alikuwa hali mpaka Bi Tatu amlishe. Siku za mwisho akawa anakisukuma kile chakula kwa mkono. Sasa najua kwamba mgonjwa wa figo akifikia hapo hutapika hata maji, chakula chote kinamnukia vibaya. Wakati ule watu waliuona ule mkono unavyosukuma sahani, wakasema mama ameona kitu, analishwa uchawi.

Baada ya arobaini wakakaa kikao. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni shangazi yako, naye alikuwa binti tu, amefiwa na mama, kichwa hakijamtulia. Bi Tatu akatolewa na godoro lake kichwani. Akapita mbele yangu pale barazani, akasimama.

"Na wewe Shabani, mwanangu, unaamini?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa na umri kama wako wa sasa, ninavaa saa, ninasoma magazeti, na nilitazama sakafu.

Miaka ikapita, hata mimi nikawa nimesahau kwa namna mtu anavyosahau kitu asichotaka kukigusa. Mpaka daktari alipoweka ile picha ya figo zangu, akanionyesha vifuko vya maji vimejaa kila upande, akasema ugonjwa huu huwa unatembea kwenye damu, kutoka mzazi hadi mtoto. Akauliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuvimba?" Zuhura, nilimwona Bi Tatu amesimama na godoro lake.

Kwa hiyo dada yangu aliponiuliza kama namwogopa, alikuwa ananiuliza kama na yeye nimemweka pale alipowekwa Bi Tatu. Sikuweza. Nikanywa. Nilikunywa kwa adabu, wiki baada ya wiki, na yeye akifurahi kila anapokiosha kikombe kitupu.

Kitu kinachopanda kwenye damu wakati huo kinaitwa potasiamu. Kiko kwenye soya, kiko kwenye ndizi, kiko kwenye vyakula vingi vizuri vya Mungu. Figo nzima zinakitoa zenyewe bila wewe kujua. Figo zilizochoka zinakiacha kikusanyike. Na hakiumi, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, hakina homa wala maumivu, mtu unacheka na watu na huku kinakuja. Mimi niliona tu miguu inakuwa mizito, kama nimetoka kulima. Nikasema ni umri. Siku ya Ijumaa nikasujudu, nikashindwa kuinuka. Nilisikia watu wanaitikia nyuma ya imamu, na moyo wangu unapiga, unasita, unakaa, ndipo unapiga tena. Nilihesabu nikadhani haurudi.

Waliniwahi. Nikaingizwa kwenye mashine usiku uleule, na toka siku hiyo sijaachana na mashine. Daktari alisema zile figo zingenivusha muda zaidi kama zisingepata kishindo kile. Muda gani hakusema, na mimi sikuuliza.

Yule dada wa lishe alikuja kitandani, akanisikiliza habari yote. Nilitegemea anitukane soya, nipate mtu wa kumlaumu. Hakufanya hivyo. Alisema, "Mzee, soya si sumu na si dawa. Ni chakula." Akanieleza kwamba mtu ambaye figo zake bado zinajitahidi anaweza kula soya mahali pa nyama, kwa kiasi, na huenda zikaipokea kwa wepesi kuliko nyama. Lakini unga wa soya nzima, vikombe kila siku, juu ya maziwa na ndizi, kwa mtu ambaye damu yake haijapimwa, ni hatari. Vipimo vya damu ndivyo vinavyosema leo unywe au uache, na vya mwezi huu si vya mwezi ujao.

Nakuandikia hayo kwa sababu yanakuhusu. Uliposhauriwa upimwe nawe baada yangu, na ile picha ikaonyesha vifuko vyako, vidogo, vichache, mimi nilikwenda nje nikasimama nyuma ya magari nikalia. Sikukwambia. Nilirudi nikakutania kwamba umerithi figo badala ya pua yangu nzuri, ukacheka, na mama yako akanifinya. Leo damu yako iko sawa. Soya ya shangazi yako leo haikudhuru, kikombe ukikitaka, kinywe, na ule maharage na watu. Lakini itafika siku kikombe hichohicho, kilichopikwa na mkono huohuo, kitakuwa kitu kingine, na kitakuwa na harufu ileile ya iliki. Siku hiyo haitapiga hodi. Utaijua kwa kipimo tu, na ukishaijua utatakiwa umwambie mtu anayekupenda kwamba hutakunywa.

Umetuomba shangazi yako asijue habari ya figo zako. Unaogopa maneno yasitangulie kwa huyo kijana ambaye unadhani sijui jina lake. Nalijua. Siri ni yako na sitaitoa. Ila nakwambia ninachokijua: mtu anayeficha ugonjwa hana sababu ya kukataa anapokaribishwa. Atakunywa, atakunywa tena, atasema kitamu.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Nilipotoka hospitali, shangazi yako alikuja hapa Sofu, akanikuta nimekaa, nasema, natania, na habari ya mashine hatukumwambia. Akanyanyua mikono akashukuru. Akasema, "Unaona? Ingekuwa si soya ungekufa. Ile presha ilikuta mwili una nguvu." Mama yako akafungua kinywa, nikamkonyeza. Baadaye nilimwambia, "Ni dada yangu, nitamwambia mwenyewe kwa wakati wake." Wakati wake haukufika mpaka leo. Chupa inakuja kila anapokuja, nami naimwagia mgomba ule wa nyuma ya choo. Umewahi kusifia mkungu wake, nadhani sasa unajua mbolea yake. Nilijiona mjanja sana. Nilisema moyoni, namtunzia dada yangu heshima, hakuna aliyeumia.

Jioni hii wakati tunakula ulikuwa umekwenda kumfungulia jirani aliyeleta zawadi yako. Hukusikia shangazi yako alichosema. Alisema Mzee Kondo, fundi cherehani jirani yao pale Kisarawe, naye ameambiwa figo zake si nzima. Akasema, "Nimemwanzishia soya. Nikamwambia mdogo wangu ndiye shahidi, mwangalie alivyo. Anakunywa vizuri, chupa nzima kwa siku. Sema tu siku hizi miguu inamlegea, analalamika mizito."

Mama yako aliacha kutafuna. Mimi tonge lilibaki mkononi.

Mimi ndiye shahidi, Zuhura. Kunyamaza kwangu kumetoka hapa kumekwenda kukaa kwenye kikombe cha Mzee Kondo.

Nilitoka uani nikasingizia natafuta mtandao. Namba ya mwanawe ninayo, tulikutana mazikoni mwaka jana. Nikampigia, nikamwambia baba yake asinywe tena ile soya, apelekwe hospitali usiku huu, asisubiri kukuche. Akashtuka. Akauliza kwa nini. Nikasema nimesikia tu kwamba si nzuri kwa wagonjwa wa figo. Nimesikia tu! Mimi niliyebebwa msikitini! Akasema, "Sawa mzee wangu, ila si ndiyo iliyokuponya wewe? Shangazi akirudi kesho tutamuuliza yeye kwanza, maana mzee hamsikilizi mtu mwingine." Nikamwambia tena ampeleke, nikapandisha sauti. Akasema watajaribu. Nimempigia tena mara mbili, simu imezimwa.

Hapo nikaelewa kwamba hakuna mdomo utakaoondoa kile kikombe isipokuwa mdomo wa shangazi yako, na hakuna atakayeufungua mdomo huo isipokuwa mimi. Na nikimwambia, sitamwambia jambo moja. Nikisema soya yako iliniangusha, nitasema pia kwamba mama yetu alikuwa na ugonjwa huu huu, ndio uliomuua, na ninao mimi. Basi Bi Tatu hakufanya kitu. Dada yangu atakuwa amebeba mambo yote mawili kwa asubuhi moja, naye ni mtu mzima, ana presha na yeye. Ndiyo maana nimekuwa nikijiambia bado, bado.

Nilikwenda kumtafuta Bi Tatu, hilo nalo hulijui. Nilipopata nguvu nilimwambia mama yako naenda kumwona rafiki, nikaenda mpaka Magindu, kwa ndugu zake alikokimbilia. Nilichelewa sana. Binti yake alinionyesha kaburi, limezungushiwa miba ng'ombe wasilikanyage. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliniletea maji kwenye kikombe kikubwa cha bati. Maji yangu ya siku ile, yale daktari anayoniruhusu kwa kipimo, yalikwisha kitambo. Nikayanywa yote, nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili. Nilitaka kusema kitu nikashindwa, kama kawaida yangu.

Hivyo ndivyo baba yako alivyo. Mbele za watu ni mcheshi, msimulizi, shahidi wa kila ndoa, na mara mbili katika maisha yake palipotakiwa neno moja alitazama sakafu. Usinirithi hapo. Figo sikuwa na hiari, nimekupa nilichokuwa nacho. Hili una hiari nalo.

Asubuhi shangazi yako ataamka, atakuja moja kwa moja mezani, ataishika chupa na kuitikisa. Ndivyo afanyavyo. Ataikuta imejaa. Sijaimwaga, na mgomba leo utalala na kiu. Atauliza, nami nataka nijibu, na nataka wewe uwepo umekaa hapa, si chumbani unafunga begi. Mama yako nimemwambia, ameushika mkono wangu. Nitaanza na shikamoo, kisha nitaanza na mama yetu, maana nikianza na soya atadhani namtupia lawama. Ikibidi alie, tutakaa naye alie. Halafu tutampa simu ampigie mke wa Mzee Kondo yeye mwenyewe, kwa sauti yake, kabla gari lenu halijaondoka. Akitaka kukuacha hapa kwa hasira, utakwenda shuleni kwako keshokutwa na hakuna kitakachoharibika.

Lakini nijuavyo nafsi yangu, huenda akaniuliza lile swali lake. Huenda akanitazama usoni akasema, Shabani, unaniogopa? Nami mkono ukaenda wenyewe.

Ukiona nimeshika kikombe, mwanangu, usiangalie pembeni kwa adabu. Inuka, kichukue mkononi mwangu mbele yake, ukiweke chini, na useme wewe.

Baba yako anayekupenda,
Shabani